Mubirizi, panya na damu yetu: tusome vipi utafiti wa dawa za majani



Leo nataka tuongee kuhusu jambo ambalo linaonekana dogo, kumbe linagusa kila lupango hapa Uvira. Ni majani. Karibu kila nyumba ina jani lake: mubirizi kwa malaria na tumbo, mpapai, mlonge, matembele na lengalenga za "kuongeza damu". Na siku hizi kuna kitu kingine. Mtu akitaka kukushawishi hasemi tena "bibi yangu alitumia". Anasema: "Watafiti wamejaribu kwa panya, chembe za damu zikapanda." Anakutumia picha ya jedwali kwenye simu, na mjadala unaishia hapo.

Nimesomea mambo ya maabara. Kwa hiyo kila wiki kuna mtu ananiuliza: hii ni kweli ama si kweli? Jibu langu huwa ni moja: jedwali linaweza kuwa la kweli kabisa, na wewe ukalielewa vibaya kabisa. Tuone kwa nini.

1. Kwanza, damu yenyewe

Mkichukua damu kidogo na kuizungusha kwenye mashine, inajigawa. Juu kunabaki maji ya njano, tunayaita plazima. Chini kabisa zinakaa chembe nyekundu. Katikati kuna utando mwembamba mweupe: chembe nyeupe pamoja na chembe sahani.

Chembe nyekundu zinabeba hewa ya oksijeni kwa kutumia himoglobini, ambayo ndani yake mna chuma. Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Chembe sahani zinaziba mahali palipokatika ili damu isiendelee kutoka. Zote zinazaliwa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Chembe nyekundu ya mtu inaishi siku 120 hivi, halafu wengu na ini vinaiondoa. Ya panya inaishi nusu ya hapo, siku 60 hivi.

Kwetu hapa, kando ya ziwa na bonde la Ruzizi, adui mkubwa wa chembe nyekundu ni malaria. Vijidudu vyake vinaingia ndani ya chembe, vinazaliana, vinaipasua. Ongeza minyoo, ongeza chakula chenye chuma kidogo, ongeza watoto wenye ugonjwa wa selimundu, ule tunaouita drepanositozi. Ndiyo sababu neno "kukosa damu" tunalisikia kila siku, na ndiyo sababu mtu akisema ana jani linaloongeza damu, watu wanasikiliza.

2. Utafiti wa panya unafanyika vipi?

Mtafiti anachuma majani, anayakausha kivulini, anayasaga. Halafu anayaloweka kwenye maji au kwenye alkoholi, anachuja, anakausha kile kimiminika. Unga au utomvu unaobaki ndio dondoo. Shika hapo: dondoo la maji na dondoo la alkoholi si kitu kimoja hata kama jani ni lile lile. Alkoholi inatoa vitu ambavyo maji hayatoi. Ukisoma kwamba dondoo la alkoholi lilifanya kitu fulani, hujasoma chochote kuhusu chai anayochemsha mama yako.

Halafu panya. Mara nyingi ni panya weupe wa ukoo wa Wistar, uliotengenezwa Philadelphia, Marekani, tangu mwaka 1906 ili wanyama wafanane na matokeo yaweze kulinganishwa. Wanagawanywa kwa makundi, tuseme sita sita. Kundi moja linapewa maji matupu. Mengine yanapewa dondoo kwa vipimo tofauti, kidogo, kati, kingi, kwa mrija unaofika tumboni. Baada ya siku 14, 28 au 90 damu inachukuliwa na kuhesabiwa.

Mara nyingi mtafiti anaanza kwa kuwakosesha panya damu kwa makusudi. Anatumia kemikali inayoitwa fenilhidrazini, ambayo inaharibu chembe nyekundu kwa siku chache tu. Halafu anawapa dondoo aone kama damu itarudi haraka.

Sasa hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo. Panya aliyepewa fenilhidrazini, ukimwacha bila dawa yoyote, kwa kawaida damu yake inarudi yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Uboho unaona upungufu, unaongeza kazi. Kwa hiyo utafiti ambao hauna kundi la panya wagonjwa wasiopewa jani hauwezi kutuambia lolote. Swali si "je, walipona?" Swali ni "je, walipona haraka kuliko wenzao ambao hawakupewa kitu?"

Na si panya tu. Mtoto aliyetibiwa malaria kwa dawa ya mchanganyiko ya hospitali, ukimpa na maji ya mubirizi, wiki tatu baadaye damu yake imepanda. Nani kaipandisha? Nyumbani tutasema ni jani. Lakini mtu aliyeondolewa malaria na akala vizuri, mara nyingi damu yake inarudi polepole yenyewe.

3. Ua la nje ya nyumba, lililobadilisha historia

Kuna hadithi moja ya kweli ambayo kila mwanafunzi wa sayansi angepaswa kuijua.

Mnajua lile ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe, lina petali tano, linapandwa mbele ya nyumba na halichoki kuchanua hata jua likiwa kali? Asili yake ni Madagaska. Wataalamu wanaliita Catharanthus roseus, zamani waliliita Vinca rosea. Huko Jamaica watu walikuwa wanachemsha majani yake wakiamini yanatibu kisukari. Mwaka 1952 daktari mmoja wa huko alituma majani machache Kanada. Yakafika kwa mtafiti Robert Noble, katika chuo kikuu cha mji wa London, jimbo la Ontario.

Noble na wenzake wakawapa panya maji ya majani yale kwa mdomo. Sukari haikushuka. Wapi! Wakajaribu kwa sindano. Sukari haikubadilika, lakini panya wakaanza kufa ndani ya wiki moja hivi, wamejaa maambukizi ya bakteria. Wangeweza kuandika "jani halifai" na kufunga daftari. Badala yake wakauliza: kwa nini panya hawa wameshindwa kupigana na bakteria? Wakahesabu damu. Chembe nyeupe zilikuwa zimeanguka. Wakaangalia uboho: umeharibika.

Mkemia Charles Beer akajiunga nao, wakatafuta ni kitu gani ndani ya jani kinachofanya hivyo. Mwaka 1958 walikuwa wametangaza dutu ambayo leo inaitwa vinblastini. Wakaelewa hivi: kitu kinachozuia chembe nyeupe za panya mzima zisizaliane kinaweza kuzizuia pia chembe zilizogeuka saratani. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, ambayo nayo ilikuwa inalichunguza ua hilo hilo, ikapata ndugu yake, vinkristini, iliyoruhusiwa huko mwaka 1963.

Mwaka huo huo wa 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliyekuwa anafanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya unaowashika watoto wa maeneo yetu ya malaria. Leo uvimbe huo una jina lake. Na moja ya dawa zinazoutibu ni vinkristini, ile ya ua la Madagaska. Mtoto wa kando ya Tanganyika anaweza kupona kwa dawa iliyofunguliwa njia na panya waliokufa Kanada.

Kutoka hadithi hii mimi nachukua mambo matatu.

La kwanza: kwa mdomo na kwa sindano ni mambo mawili. Tumbo na ini vinaweza kuzuia au kubadilisha kitu kabla hakijafika kwenye damu.

La pili: dawa na sumu ni kitu kimoja mara nyingi, kinachotofautisha ni kipimo na mahali. Kile kilichoua panya ndicho kinachookoa mtoto, kikiwa kimesafishwa, kimepimwa na kinatolewa na mtu anayefuatilia damu ya mgonjwa. Inahitajika mamia ya kilo za majani makavu ili kupata gramu moja ya vinblastini. Kwa hiyo tafadhali, mtu asitoke hapa akaenda kuchemsha ua la mbele ya nyumba kutibu saratani. Atakunywa sumu bila kufikia dawa.

La tatu: walitafuta sukari, wakapata damu, kwa sababu walikubali kuangalia kile ambacho hawakukitarajia.

4. "Chembe zimepanda": maana yake nini?

Turudi kwenye jedwali la simu. Imeandikwa: panya waliopewa dondoo, hematokriti ilipanda. Hematokriti ni sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Habari njema? Ngoja kwanza.

Tufanye hesabu rahisi. Chukua damu mililita 100: chembe 40, plazima 60. Hematokriti ni asilimia 40. Sasa jani linaharisha. Panya anapoteza maji, na plazima inapungua kwa mililita 20. Zimebaki mililita 80, chembe ni zile zile 40. Hematokriti imekuwa asilimia 50! Hakuna chembe hata moja iliyozaliwa. Maji tu yamekimbia. Sisi watu wa Uvira tunaojua kipindupindu hatuhitaji mwalimu kwa hili: mgonjwa aliyekauka damu yake inakuwa nzito, na hakuna anayeweza kusema ana damu nyingi.

Kwa hiyo uliza: panya walikuwa wanaharisha? Uzito wao ulishuka? Na muhimu zaidi, walihesabu chembe nyekundu changa? Hizo ndizo zinazoonyesha kama uboho kweli umeongeza kazi. Changa zikiwa nyingi na himoglobini imepanda, hapo tunaweza kuanza kuongea. Changa zikiwa nyingi lakini himoglobini imeshuka, maana yake ni mbaya: kuna kitu kinavunja chembe na uboho unakimbizana kuziba pengo.

Chembe nyeupe nazo zina mtego wake. "Zimepanda, kinga imeongezeka!" Lakini chembe nyeupe zinapanda pia mwili ukiwa na maambukizi au umechokozwa na sumu. Na panya aliyeshikwa vibaya, mwenye woga, chembe zake zinabadilika juu ya woga tu. Askari wengi barabarani si lazima iwe ishara kwamba kuna usalama. Sisi tunajua hilo vizuri.

5. Mubirizi na sokwe wa Mahale

Mubirizi, kwa jina la kitaalamu Vernonia amygdalina, ni mmoja wa mimea iliyochunguzwa sana Afrika. Waganda wanauita mululuza, na Nigeria majani yake yanaoshwa uchungu na kupikwa kama mboga.

Na ziwa letu lina sehemu yake kwenye historia hiyo. Mwaka 1987, kwenye milima ya Mahale upande wa Tanzania, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu, Mtongwe aliyekulia kwenye elimu ya miti ya kwao, walikuwa wanamfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mgonjwa, hana nguvu, hali vizuri. Akaenda kwenye kichaka cha mubirizi, akavunja tawi changa, akamenya ganda na kutupa majani, akatafuna kiini cha ndani na kunyonya maji yake machungu. Kesho yake alikuwa amepata nafuu. Seifu aliutambua mti ule mara moja: kwao unaitwa mjonso, na ni dawa ya tumbo na homa.

Baadaye wakemia wa Japani walichambua mmea huo. Waligundua kwamba majani na ganda vina vitu vikali zaidi, kikiwemo kimoja kinachoitwa vernodalini, ambacho kikizidi kinaua. Kiini kina vitu vyepesi zaidi vinavyopigana na minyoo. Yaani sokwe alichagua sehemu na akatumia kiasi kidogo. Sisi wenye diploma tunachemsha kisufuria kizima na kunywa kopo tatu kwa siku.

Mubirizi una pia saponini, ndizo zinazotoa povu ukifikicha majani kwenye maji. Saponini zikikutana na chembe nyekundu uso kwa uso ndani ya chupa, zinatoboa ngozi yake na chembe inapasuka. Ukiwa umekunywa, kiasi kikubwa hakivuki utumbo, ndiyo maana watu wanakula mboga hiyo na hawafi. Lakini hiyo ni sababu nyingine ya kutochukua matokeo ya chupa na kuyapeleka moja kwa moja kwa mtu.

6. Panya si mtu mdogo

Panya hawezi kutapika. Mwili wake haukuumbwa hivyo. Jani ambalo mtu angelitapika mara moja, panya atalibeba tumboni kimya kimya.

Chembe nyeupe za panya nyingi ni limfosaiti. Kwa mtu mzima nyingi ni nutrofili. Kwa hiyo "ongezeko la chembe nyeupe" kwa panya na kwa mtu si lazima liwe la askari wale wale.

Halafu kuna urithi. Kati yetu wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Wanaishi vizuri tu, mpaka siku wanapokutana na dawa fulani, kwa mfano primakwini, na chembe zao nyekundu zinaanza kupasuka. Panya wa kawaida wa maabara hana shida hiyo. Jani linaweza kupita mtihani wa panya mia na bado likamwangusha mtu mmoja wa familia yako.

Na kipimo. Utafiti unasema "miligramu 400 kwa kilo". Panya wa gramu 250 anapata miligramu 100 za dondoo. Ukitaka kukadiria kwa mtu, huzidishi tu kwa uzito, kwa sababu mwili mdogo unachoma vitu haraka zaidi. Kanuni inayotumika sana ni kugawa kwa 6.2. Basi 400 gawa kwa 6.2 ni kama 65. Mtu wa kilo 60 anafika gramu 3.9 za dondoo kavu. Tuseme, kwa mfano tu, gramu 100 za majani makavu zinatoa gramu 10 za dondoo: unahitaji gramu 39 za majani makavu kila siku. Nani anakunywa hivyo? Na hata kanuni hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kuanza majaribio salama kwa watu, si kwa ajili ya kuandikiana dawa.

7. Kwa nini nasema haya yote

Kuna mtoto wa jirani ninaowafahamu aliyekaa siku nne na homa. Wazazi wake si wajinga, baba amesoma. Walikuwa wameona jedwali la panya, wakampa maji ya majani asubuhi na jioni, wakisubiri damu ipande. Alifika hospitalini viganja vimekuwa vyeupe, anapumua kwa haraka. Akatiwa damu, akapona. Himoglobini ikishuka chini ya 7 kwa mtoto, hakuna jani linaloweza kuwahi. Uboho, hata ukisaidiwa vipi, unafanya kazi kwa siku na wiki. Mtoto anahesabu masaa.

Sisemi majani ni uongo. Artemisinini, inayobeba dawa zetu za malaria leo, ilitoka kwenye mmea. Kwinini ilitoka kwenye ganda la mti. Lakini zote mbili zilipita njia ndefu: kutambua mmea, kutoa dutu, kupima, kurekebisha kipimo, kujaribu kwa watu kwa uangalifu. Utafiti wa panya ni mlango wa kuingilia tu. Baada yake bado kuna nyumba nzima ya kupita.

8. Kwa wanaoandaa TFC na memwari

Wenzangu, msikimbie mada hii. Nani ataichunguza mimea ya Uvira kama si sisi? Ila tufanye hivi:

– Tambua mmea kwa jina la kitaalamu. Jina la Kifuliiru, la Kibembe na la Kirundi vinaweza kuwa mimea tofauti. Kausha tawi lenye maua na ulilinganishe na mkusanyiko wa mimea kule Lwiro, kwenye kituo cha utafiti wa sayansi kilichoanza mwaka 1947.

– Andika sehemu ya mmea, mahali, mwezi wa kuchuma na namna ya kutoa dondoo. Kama watu wanachemsha kwa maji, jaribu maji.

– Weka makundi yote ya kulinganisha, likiwemo la wagonjwa wasiotibiwa. Wagawe panya kwa kura. Anayehesabu chembe asijue panya ametoka kundi gani.

– Pima uzito na maji wanayokunywa, hesabu chembe nyekundu changa, angalia ini na figo.

– Omba ruhusa ya kamati ya maadili, na usimtese mnyama bila sababu.

– Matokeo yakiwa "hakuna tofauti", yaandike hivyo hivyo. Noble alipata dawa ya saratani kwa sababu hakuficha kwamba sukari haikushuka.

Na kwa wewe msomaji ambaye hutaandika TFC yoyote: mtu akikutumia tena jedwali la panya, muulize maswali manne tu. Dondoo la nini? Walilinganishwa na nani? Chembe zimezaliwa au maji yamepungua? Kipimo hicho kwa mtu ni majani kiasi gani? Akishindwa kujibu, usiligombanie. Mboga yake kula kama mboga, matembele na lengalenga ni chakula kizuri. Na mtoto akiwa na homa na viganja vimefifia, mpeleke apimwe leo, si kesho.

Nawakaribisha walio na tafiti za mimea ya kwetu wazilete hapa tuzisome pamoja, jedwali kwa jedwali.